Simba Kwanza, Uumbaji Baadaye

Vitabu saba vya Narnia alivyoandika C. S. Lewis vina mifuatano miwili, na wasomaji wanabishana juu yake hadi leo. Ukifuata miaka ya kuchapishwa, unaanza na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha mwaka 1950. The Magician's Nephew, kinachosimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa, kilitoka 1955, nacho ni cha sita. Ukifuata kalenda ya Narnia yenyewe, kitabu cha uumbaji kinatangulia, na ndivyo wachapishaji walivyovipa namba tangu 1994. Wengi huona hili ni suala la ladha tu. Lakini Lewis alikuwa Mkristo aliyeandika akijua anachokifanya, na simba wake Aslan anabeba sura ya Kristo. Kwa hiyo anayechagua kitabu cha kuanzia anachagua pia jibu la swali la kale: Mungu hujulikana kwanza kwa asili ya ulimwengu, au kwa kukutana naye?

Nashikilia kukutana. Katika kitabu cha 1950, watoto wanne wako msituni, theluji imetanda, na mnyama wa mtoni anayeweza kusema anawanong'oneza kwamba Aslan yuko njiani. Hawajawahi kulisikia jina hilo, lakini linamgusa kila mmoja kivyake: Peter anajiona jasiri, Lucy anasikia furaha kama ya siku ya kwanza ya likizo, na Edmund, ambaye ameshamwahidi mchawi kuwapeleka ndugu zake kwake, anaingiwa na hofu asiyoweza kuieleza. Hapo msimulizi anamgeukia msomaji na kumwambia kwamba watoto hawamjui Aslan, kama yeye naye asivyomjua. Maneno hayo ni kweli kwa aliyeanzia hapa tu. Aliyeanza na uumbaji ameshamwona Aslan akiiimba Narnia mpaka ikawa, basi anaambiwa hajui anachokijua, na ile hofu ya Edmund anaitazama kwa mbali.

Aristotle alifundisha kwamba njia ya kujifunza huanzia kwenye yaliyo wazi kwetu, ndipo ifike kwenye yaliyo ya kwanza kwa asili yake. Maandiko matakatifu nayo yanaijua njia hiyo. Pale Sinai, katika Kutoka sura ya 20, Mungu anapowapa Waisraeli amri anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa utumwani Misri. Uumbaji unatajwa baadaye, kwenye amri ya Sabato. Kwa Waislamu, aya zinazopokewa kuwa za kwanza kushuka zimo katika Sura al-Alaq, ambayo katika msahafu ni ya 96, na mtoto chuoni huanza na al-Fatiha, kisha sura fupi za Juzuu Amma zilizo mwishoni kabisa, kabla hajafika al-Baqara. Ni kweli aya hizo za kwanza zinamtaja Mola aliyeumba, kwa hiyo sizitumii kuthibitisha kwamba uumbaji usubiri. Ninachochukua hapo ni kwamba mpangilio wa kitabu na mpangilio wa kumfundisha mtu vinaweza kutofautiana, wala kimoja kisikivunjie kingine heshima.

Mtu atauliza: mbona Biblia yenyewe inaanza na kitabu cha Mwanzo? Inaanza hivyo, lakini taifa lililokitunza kitabu hicho lilikuwa tayari na agano na Mungu wake. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Lewis mwenyewe. Mwaka 1957 alimwandikia mvulana wa Marekani aliyebishana na mama yake kuhusu mfuatano, naye akaelekea kukubaliana na mvulana. Barua hiyohiyo, hata hivyo, inaeleza kwamba alipoandika kitabu cha kwanza hakujua kama kingefuatwa na vingine, na kwamba pengine mfuatano si jambo kubwa. Kwangu maelezo hayo yana uzito kuliko upendeleo wake: kitabu cha 1950 kiliandikwa kwa mtu asiyejua lolote. Ndiyo maana nguzo ya taa inayowaka peke yake kwenye theluji inamshangaza Lucy pamoja na msomaji, na habari inayokuja katika kitabu cha uumbaji, ya kipande cha chuma cha London kilichoota kama mbegu na kuwa nguzo hiyo, inapendeza kwa sababu swali lilikwisha kukaa moyoni muda mrefu. Aliyemaliza vyote saba na anataka kuvirudia, kalenda ya Narnia itamfaa sana, maana atausikia wimbo wa uumbaji akimjua anayeuimba.