Uhakika wa Asilimia 50

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kando yake kuna kibao chenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga. Nilikisoma nikiwa kwenye basi, nikajiona mimi mwenyewe. Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika kampuni ndogo ya programu za simu kwa wakulima. Nilikuwa msaidizi wa meneja wa bidhaa, na kazi yangu ilikuwa kukipa kila kitu namba ili tujue kipi kipewe kipaumbele.

Fomula tuliyotumia inaitwa RICE, na ilibuniwa katika kampuni ya Intercom. Kwa kila wazo unajiuliza: litawafikia watu wangapi, litawasaidia kiasi gani, na una uhakika gani na makadirio yako? Unazidisha majibu matatu, kisha unagawanya kwa muda wa kazi. Uhakika mkubwa ni asilimia 100, mdogo ni 50.

Siidharau. Pasipo fomula, kinachotangulia ni alichoamka nacho bosi, au alichopigia kelele mteja mkubwa. Namba angalau zinamlazimisha mtu aseme sababu zake.

Kwenye orodha yetu mambo mawili yalishindana: kitufe cha kulipia pembejeo, na tahadhari ya mafuriko kwa simu ya sauti, inayofika hata kwenye kiswaswadu. Kitufe kilishinda kwa mbali, maana watumiaji walikuwa wamekiomba. Tahadhari hakuna aliyeiomba. Niliipa asilimia 50, ikashuka chini.

Safari ile ya basi ilikuwa ya kwenda kuonyesha programu yetu Kilosa. Mikumi mjini nilibadilisha gari. Kilosa, karibu na Mto Mkondoa, nilimkuta mama mmoja akipepeta mchele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Simu yake, kiswaswadu, ilikuwa imefungwa kwa mpira. Alinisimulia mwisho wa Desemba 2009, Mkondoa ulipofurika, maelfu wakakosa makazi na reli ikakatika. Nikamuuliza mbona watu wa huku hawajawahi kutuomba tahadhari. Akacheka.

“Tungewaomba kupitia wapi? Kwenye hiyo simu yako?”

Hapo ndipo nilipoielewa ile asilimia 50. Yeye aliujua mto vizuri kabisa. Asiyejua nilikuwa mimi. Lakini ujinga wangu ulikatwa kwenye fungu lake. Tusiyemtembelea tunampa uhakika mdogo; uhakika mdogo unamshusha kwenye orodha; akishashuka, hatuna sababu ya kumtembelea. Hakuna aliyemnyima kwa makusudi, na bado amenyimwa.

Dawa si kumwongezea namba kwa huruma. Huo nao ni uongo. Ninachoamini ni kwamba uhakika unapokuwa mdogo, deni ni letu: twende kwanza tukaulize, ndipo tukate.

Niliporudi nilibadilisha 50 kuwa 80. Meneja akauliza nimezungumza na watu wangapi. Nikasema, mmoja. Alikuwa na haki ya kuuliza, na kitufe kikatangulia. Nilichoambulia ni safu moja mpya kwenye orodha: “Nani hajaulizwa?” Siku namaliza mafunzo yangu, safu hiyo ilikuwa na jibu moja tu, nililoliandika mimi: Kilosa.