Mchango wa Matibabu ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Bima ya Taifa ya Hospitali iliyokuwako tangu mwaka 1966 imeondolewa, na tokea Oktoba 1, 2024, mahali pake pamekaa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100. Asiye na mshahara huulizwa habari za nyumba yake na maisha yake, kisha hupimiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Lakini kanuni yamtaka atoe wa mwaka mzima kwa pamoja.

Hapa petu Frere Town twasikia kauli mbili barazani. Mmoja asema: Hii ni bima, na bima ni haramu. Wa pili asema: Mimi ni mzima, kwa nini nimlipie mgonjwa?

Kauli ya kwanza yataka kupambanuliwa. Maulamaa wa Baraza la Fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1985 walikataza bima ya biashara, wala hawakukataza watu kuchangiana kwa nia ya kusaidiana. Mchango huu haukuwekwa kwa faida ya kampuni. Kwa hivyo sisi twauona u karibu zaidi na kusaidiana.

Ama wa pili, na ayatazame mapokezi ya Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwasifu Maash'ari kwa kuwa chakula kikiwapungukia hukusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa. Je, mzima wa leo ana ahadi gani na kesho?

Walakini kusaidiana pasipo uadilifu ni dhuluma. Katika Suratut Talaq tumefunzwa kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika alichopewa. Muuza mboga wa Kongowea hupata riziki yake kwa siku. Siku ya mvua hurudi na kapu lake. Nyumba nzuri aliyoachiwa na babake si fedha mkononi. Basi yawapasa wenye amri wampime kwa pato lake, na wapokee kwake kidogo kidogo kama apatavyo.

Na wewe mwenye duka au karakana, uliye na vijana wawili watatu, sikiliza. Kanuni yakutaka ukate mchango wao na kuufikisha si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwako. Ni jasho lao, na kwako ni amana. Ukizikata ukanunulia bidhaa, ukisema utalipa biashara ikichangamka, ujue kijana huyo ataweza kufika hospitali na mtoto mgonjwa, akaambiwa hakulipiwa. Swala yako ya safu ya mbele haitamrudishia haki yake.

Tujilaumu na sisi pia. Mtu akilazwa ndipo twapitisha bakuli msikitini. Akifa, twapika pilau ya hitima kwa maelfu, na deni la hospitali bado liko. Shilingi 10 kila siku, kwa siku 360, ni shilingi 3,600, nazo ndizo mchango wa chini wa nyumba moja kwa mwaka. Kila mafundi, wachuuzi na waendesha tuktuku wa mtaa mmoja na wamchague mwaminifu wao, wajiwekee akiba hiyo na kuiandika daftarini. Na mjane asiyeweza hata hiyo, tumpe katika zaka yetu, maana ni haki yake, ajilipie kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuepushe na khiyana ya amana. Amin. Wabillahi tawfiq.