Kipaji cha Muziki ni cha Nani?



Jioni, korali inapojifunza nyimbo za Dominika, mara nyingi kuna mtoto anayesimama nje ya dirisha. Hakuitwa. Labda anatoka kuchota maji, na ndoo yake iko chini karibu na miguu. Waimbaji wakikosea, yeye hucheka kidogo, sababu ameishika sauti vizuri kuliko wao. Kisha mama yake anamwita, anajitwika ndoo, anakwenda. Sisi sote tumemwona mtoto huyu. Wachache kati yetu wamemwuliza jina lake.

Twapenda leo kufikiri pamoja nanyi juu yake. Swali letu ni moja: mtoto huyo akikua pasipo kufundishwa muziki, je, kuna mtu aliyemkosea? Au ni bahati yake tu, kama vile mmoja azaliwavyo mrefu na mwingine mfupi?

I. Neno la tumbo

Wengi watajibu upesi: Mtoto wa maskini anahitaji chakula, dawa na shule, violini na piano ni vitu vya matajiri. Tusilidharau jibu hili. Wanaolisema ni wazazi walioamka usiku ili wafike kazini, na mama mwenye feza ya kitu kimoja tu hununua unga kwanza. Anafanya vema.

Lakini tutazame vizuri. Je, maskini wamengoja kushiba ndipo waimbe? Kilioni tunaimba, arusini tunaimba, shambani tunaimba, na mama anayembembeleza mtoto mwenye njaa anaimba pia. Kama muziki ungekuwa wa wenye kushiba peke yao, vijiji vyetu vingi vingalikuwa kimya. Basi maskini muziki anao. Asichokuwa nacho ni mafundisho ya muziki: mwalimu, chombo cha kupiga, mahali pa kujifunza, na saa ya kujifunza. Hivyo ndivyo vinavyoomba feza, na hapo ndipo mlango unapofungwa.

Tena kuna neno moja la kutuonya. Yule anayesema juu ya mtoto wa jirani, “Mkate kwanza,” mara nyingi amemnunulia mtoto wake gitaa. Kwa watoto wetu wenyewe hatuchagui kati ya mkate na wimbo: tunataka wapate vyote viwili. Kwa nini tuwachagulie wengine kimoja?

II. Pazia la waamuzi

Wengine watasema: Mwenye kipaji kweli ataonekana tu, hata akiwa maskini. Neno hili ni tamu, lakini habari za dunia hazilikubali.

Kule Marekani, okestra kubwa zilikuwa zamani na wanaume karibu watupu. Waliochagua wapigaji walisadiki kwamba wanafuata uhodari tu. Tangu miaka ya 1970, okestra nyingi zilianza kutundika pazia kati ya mwamuzi na mpigaji anayejaribiwa, kusudi mwamuzi asikie sauti ya chombo pasipo kumwona mtu. Mahali pengine walitandika zulia, sababu hata mlio wa viatu vya mwanamke ungeweza kumtambulisha. Ikawaje? Mwaka 1970, katika okestra tano kubwa za huko, wanawake hawakufika 5 katika 100. Karibu na mwaka 1997 walikuwa kama 25 katika 100. Pazia si sababu ya pekee, maana wanawake waliosoma muziki waliongezeka pia. Lakini wataalamu wawili, Claudia Goldin na Cecilia Rouse, waliotoa uchunguzi wao mwaka 2000, waliona kwamba pazia lilikuwa na sehemu yake katika mageuzi hayo. Na kule Ulaya, okestra mashuhuri ya Vienna haikumpokea mwanamke kuwa mwenzao kamili mpaka mwaka 1997.

Fundisho la kwanza ni hili: mtu aweza kumfungia mwenzake mlango na kulala usingizi mzuri, akidhani hakufunga kitu.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Pazia halikuwasaidia wote. Mwaka 2014, watu weusi katika okestra za Marekani hawakufika hata 2 katika 100. Kwa nini? Sababu pazia limetundikwa penye mlango wa mwisho. Anayefika hapo amekwisha kujifunza miaka kumi au kumi na mitano, akiwa na chombo chake na mwalimu wake. Mtoto asiyepewa violini akiwa na miaka minane hafiki penye pazia hata siku moja, na hakuna mwamuzi atakayejua kwamba amekosekana. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mwenye kutafuta haki penye mlango wa mwisho tu amechelewa.

Ndiyo maana tunawasifu watu waliokwenda kuufungua mlango wa kwanza. Mjini Philadelphia, mwaka 1908, wanawake vijana wawili walianza kuwafundisha piano watoto wa wahamiaji maskini kwa senti tano tu, na chuo kilichozaliwa hapo, Settlement Music School, kingali kinafundisha. Mjini Detroit, mwaka 1997, Bwana Aaron Dworkin alianzisha chama cha Sphinx, kusudi vijana weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini wapate kuendelea katika violini na vyombo vingine vya nyuzi. Watu hawa hawakungoja serikali wala matajiri wote wageuke mioyo. Walianza na chumba na mwalimu.

III. Waya wa baiskeli

Lakini tusitazame ng’ambo peke yake. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbangisti. Hao si wa Kanisa letu, lakini jambo jema ni jema hata likifanywa kwa jirani. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Bwana Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule aliyefungwa mwaka 1921 na kufa mfungwa mwaka 1951 mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Bwana Diangienda alikuwa rubani wa ndege, akapoteza kazi yake. Hakuwa ametoka katika chuo kikubwa cha muziki. Aliwakusanya watu wa kanisa lake, wengi wao wasiojua kusoma noti, wakaanza.

Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu. Basi walipokezana: huyu anapiga dakika zake, anampa mwenzake, anakaa kusikiliza. Uzi wa violini ulipokatika na mwingine haukupatikana, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Vyombo vilivyovunjika walivitengeneza wenyewe. Wapigaji na waimbaji wakafika wakitoka sokoni, kwenye karakana, kwenye kazi za nyumbani, wanaume na wanawake. Mwaka 2010 Wadachi wawili walitoa filamu juu yao, na watu wa nchi nyingi wakawaona wakijifunza Simfoni ya tisa ya Beethoven katika mji ambao umeme hukatika wakati wowote.

Tunataka mtazame jambo moja katika habari hii. Si waya wa baiskeli. Huo unawashangaza wageni. Jambo kubwa ni kule kupokezana. Mwenye violini mkononi alijua kwamba mwingine anangoja, na aliyengoja alijua kwamba zamu yake inakuja. Aliyejua noti tatu alimfundisha ajuaye mbili. Hapo hakuna mwenye kutoa na mwenye kuomba. Kuna watu wenye deni la mmoja kwa mwingine.

Nairobi pia, katika mtaa wa Korogocho, karibu na lile jalala kubwa la Dandora, kazi ya namna hiyo ilianza mwaka 2008 katika parokia Katoliki ya Mtakatifu Yohane. Inaitwa Ghetto Classics, na aliyeianzisha ni Bibi Elizabeth Njoroge. Watoto wa mtaa huo wanajifunza tarumbeta, violini na vyombo vingine, na waliotangulia kujua wanawafundisha wadogo wao. Parokia iliwapa mahali. Mara nyingine jambo kubwa linaanza kwa neno dogo: mtu mwenye ufunguo amekubali kufungua.

IV. Hatari za mkono unaotoa

Yafaa tuseme ukweli wote, sababu wema pia una hatari zake.

Hatari ya kwanza ni mali yenye kamba. Kule Venezuela, Bwana José Antonio Abreu alianzisha mwaka 1975 kazi iitwayo El Sistema. Ilifundisha watoto bila malipo, wakawa mamia ya maelfu, na kutoka kwao alitokea kiongozi wa okestra anayejulikana dunia nzima, Gustavo Dudamel. Nchi nyingi ziliiga mfano huo. Lakini feza ilitoka serikalini. Mwezi wa Mei 2017 kijana mmoja aliyefundishwa humo aliuawa katika maandamano, na Dudamel akaisema serikali waziwazi. Mwezi wa Agosti safari aliyopaswa kwenda pamoja na okestra ya vijana wa taifa ikavunjwa. Vijana wale walikosa nini? Hawakukosa lolote. Mkono ulioufungua mlango ndio ulioufunga. Kwa hiyo chama cha watu kisikubali kutunzwa na mkono mmoja tu, hata ukiwa wenye ukarimu.

Hatari ya pili ni kumdhani maskini kuwa mtungi mtupu, unaongoja kujazwa na muziki wa wengine. Watu wa Katanga wana mfano wa kukumbuka. Pale Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wapata 45 pamoja na walimu wapata 15. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, wakaimba ile Missa Luba: maneno ya Misa ni ya Kilatini, lakini sauti na ngoma ni za watu wa huku. Padri hakuwaambia waache kwanza walichonacho. Alikisikiliza. Na watu wa Ulaya nao wakasikiliza.

Lakini hata mfano huo mzuri tuutazame mpaka mwisho. Katika kundi lile hapakuwa na msichana. Hatusemi hivi kwa kuwashitaki watu wa zamani. Tunasema kusudi tujue kwamba kila mlango unaofunguliwa wamo waliobaki nje yake, na mara nyingi aliyefungua hakuwaona. Leo, katika fanfari ngapi za parokia zetu msichana anapewa tarumbeta? Na kijana asiyeona, au yule anayetembea kwa magongo, nani amemwita aje kupiga ngoma?

V. Deni, si sadaka

Turudi sasa kwa mtoto wa dirishani. Je, kuna mtu aliyemkosea?

Sisi tunajibu: ndiyo, ikiwa tulikuwa na uwezo wa kumfungulia na hatukufungua. Kipaji hakununuliwa na yule aliye nacho. Amekipokea, naye amekipokea kwa faida ya wote. Habari ya mtumishi aliyeizika talanta yake ardhini twaijua. Mara nyingi tunamlaumu yeye peke yake. Lakini kuna watoto ambao talanta yao imezikwa na watu wengine, kwa bei ya masomo, kwa desturi, kwa kabati lililofungwa. Hao tutawalaumu namna gani?

Sisi wenyewe tunakumbuka mahali pamoja, tusipopataja jina, palipokuwa na harmoniamu nzuri. Ilifungiwa chumbani, kusudi watoto wasiiharibu. Miaka ikapita. Siku walipofungua, panya walikuwa wamekula ngozi za mifuko ya hewa, na funguo zilishikana kwa unyevu. Watoto hawakuiharibu. Wangeiharibu, angalau mmoja wao angalijua leo kupiga. Tulikuwa miongoni mwa waliokubali ifungwe, na jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Tofauti ya sadaka na deni ni hii: mwenye kutoa sadaka huchagua siku yake na kiasi chake, kisha hungoja ashukuriwe. Mwenye deni hulipa, hata kama hakuna apigaye makofi. Vyama vile tulivyovitaja vina thamani vinapofundisha kama watu wanaolipa deni. Na alama ya kuwatambua ni nyepesi: baada ya miaka kumi, tazameni nani anafundisha. Wakiwa bado ni wageni walewale, na watoto wa mtaa bado ni wanafunzi wa kushukuru, mlango haujafunguka kabisa. Lakini mtoto wa jana akiwa mwalimu wa leo, ufunguo umehama mkono.

Hatuombi makubwa. Parokia moja haiwezi kununua violini ishirini. Lakini aliye na gitaa aweza kuliazima saa moja kwa juma. Mwalimu wa korali aweza kuandika noti ubaoni na kuacha mlango wazi. Wazazi waweza kumwachia msichana jioni moja bila ndoo. Na kabati la vyombo laweza kupata mlinzi mwenye akili, badala ya kufuli.

Juma hili, korali itakapokusanyika, mtu mmoja atoke nje aende penye dirisha. Asianze kwa kumfundisha mtoto yule. Amwulize kwanza jina lake, kisha amwombe aimbe ile sehemu ambayo sisi tunaikosea.