Je, Mkristo Anaweza Kupenda Muziki wa Huzuni?



Vijana wapendwa, kuna swali ambalo huwa tunalijibu haraka mno: je, Mkatoliki anaweza kusikiliza muziki mzito, wenye giza na huzuni, na imani yake ikabaki salama? Wapo wanaosema papo hapo, "Huo ni wa shetani, futa kwenye simu." Wengine wanasema, "Mbona maneno yake yana Biblia? Basi ruksa." Majibu yote mawili yana kasoro moja: yanaangalia lebo, hayaangalii moyo wa anayesikiliza.

Tuchukue mfano halisi. Bendi ya Trouble ilianzishwa mwaka 1979 huko Illinois, Marekani. Wanapiga dumu metali (jina limetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya maangamizi, siyo dumu la maji!). Magitaa ni mazito na mwendo ni wa polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Nyimbo zao za mwanzo zilijaa Biblia, hata albamu yao ya kwanza ya mwaka 1984 ikaja kujulikana kama Psalm 9, yaani Zaburi ya 9. Kampuni iliyotoa kazi zao ikawanadi kwa jina la "metali nyeupe", kuwatofautisha na bendi zilizojitangaza kwa ushetani.

Lakini sikiliza albamu yao ya mwaka 1995, Plastic Green Head. Hapo dumu metali imechanganyika na roki ya saikedelia, ule muziki wa miaka ya 1960 wenye sauti zinazozunguka na kuelea kama ndoto. Humo wamerudia Tomorrow Never Knows ya Beatles, wimbo wa mwaka 1966 ambao John Lennon aliutunga baada ya kusoma kitabu cha kuwaongoza watumiaji wa LSD. Sasa sema: nyeupe au nyeusi? Unaona, lebo imeshindwa kazi.

Kwa hiyo tushuke kwenye swali lenyewe: kwa nini binadamu anapenda kusikiliza huzuni, na je, ni vizuri kuipenda?

Mtakatifu Augustino alijiuliza hivyo hivyo katika Maungamo, kitabu cha tatu. Akiwa kijana Karthago alipenda sana michezo ya kuigiza yenye kuliza. Baadaye akashangaa: mtazamaji haitwi kumsaidia yeyote, anaitwa kulia tu, na kadiri anavyolia ndivyo anavyofurahi. Hapo pana mtego. Ninaweza kuvaa hedifoni usiku nikaumia pamoja na mwimbaji wa mbali, huku rafiki yangu anayepitia msiba sijampigia hata simu. Na tusijidanganye, mtego huu upo hata kwenye nyimbo za kwaya. Unaweza kububujikwa machozi Ijumaa Kuu, halafu Jumamosi ukampita mwenye njaa mlangoni.

Je, basi huzuni ni mbaya? Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuhuzunika mbele ya uovu ni ishara ya moyo mzima; asiyeumia, ama haoni, ama hajali. Yesu mwenyewe alihuzunika Gethsemane. Thoma anataja hata dawa za huzuni: furaha, machozi, marafiki, kuutafakari ukweli, usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Machozi yanasaidia kwa sababu maumivu yaliyofungiwa ndani huzidi kuuma, yakitoka hupungua. Nadhani gitaa zito na la polepole linaweza kumfanyia mtu kazi hiyo hiyo ya machozi.

Kanisa nalo haliogopi giza. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, bila neno la faraja, na bado tunaisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala katika Liturujia ya Vipindi. Kinachoifanya iwe sala ni kwamba inasemwa kwa Mungu. Mtu amevunjika, lakini bado anamwita Mungu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maombolezo na kukata tamaa.

Na hapa ndipo saikedelia inatuletea swali gumu zaidi. Ile ndoto ya sauti inakualika uzime mawazo, uelee, uyeyuke. Mtu aliyechoka anaitamani sana hali hiyo, na simlaumu. Lakini kujisahau siyo sawa na kujipoteza. Mama anayekesha na mtoto mgonjwa amejisahau, lakini hajapotea. Yupo kweli kuliko wakati wowote. Hata katika sala ya kimya Mungu hatufuti. Upendo unahitaji wawili. Nikiyeyuka, nani atabaki wa kumpenda Mungu na jirani?

Utasema, "Frateri, mimi sisikilizi maneno, nasikiliza mlio tu." Sawa, ila mlio nao unakupeleka mahali. Kwa hiyo pima mahali unapofika. Albamu ikiisha, je, una nguvu ya kusali, hata kwa kulalamika? Umemkumbuka mtu wa kumjulia hali, au umezidi kujifungia? Ukiona imekufungulia mlango, mshukuru Mungu. Ukiona imekufungia, zima, hata kama kwenye jalada kuna msalaba.

Na kama huzuni yako ina majuma mengi haiondoki, hulali, huli, unaona maisha hayana maana, usiiachie kazi hiyo albamu. Mwambie padre wako, mzazi au rafiki, na nenda kwa daktari. Thoma aliwaweka marafiki kwenye orodha ya dawa kwa sababu mzigo ukishikwa na wengi hupungua uzito.

Ee Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa Lazaro, utufundishe kulia bila kukata tamaa, na kuwasikia wanaolia karibu yetu. Amina.

Mama wa Mateso, utuombee.