Mcheza Kwao Hutunzwa

Novemba 22, 2003, jijini Sydney. Fainali ya Kombe la Dunia la raga imefika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, England na Australia wakiwa sare, 17 kwa 17. Mpira umetoka nje na unarudishwa uwanjani kutoka pembeni. Anayeurusha ni Steve Thompson, kijana wa miaka 25. Anaupeleka mbali, nyuma kabisa ya mstari wa wachezaji, na Lewis Moody anaudaka. Muda si muda Jonny Wilkinson anaupiga kwa mguu wa kulia, ambao kwake si mguu wa nguvu, nao unapita katikati ya nguzo. England ni bingwa wa dunia.

Walioiona mechi ile wanaihadithia mpaka leo. Thompson haikumbuki. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba madaktari wamemkuta na dimenshia, inayohusishwa na vishindo vya kichwa alivyopata uwanjani. Kuna nyakati hata jina la mkewe humpotea. Akitazama mkanda wa fainali anajiona uwanjani, lakini ni kama anamtazama mtu mwingine.

Habari hii imenikalia moyoni kwa sababu ya swali moja: ushindi asioukumbuka mshindi, ni wa nani?

Mwanamichezo hustaafu akiwa bado kijana. Wenzake wa rika wanaanza kupanda vyeo, yeye kazi yake imekwisha. Kinachombakia ni akiba ya kumbukumbu: bao lile, mbio zile, usiku ule ambao jina lake liliimbwa. Mchezaji aliyevunjika goti huporwa kesho yake, lakini jana anabaki nayo. Aliyeumia ubongo huporwa zote mbili.

Na wizi wenyewe huja kimya kimya. Ubongo ni laini, umeelea ndani ya maji katika fuvu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu hutikisika, na nyuzi zake nyembamba huvutika. Si lazima mtu azimie. Hata vile vishindo vidogo vya mazoezini, ambavyo hakuna anayevihesabu, hujumlishana mwaka hadi mwaka. Jeff Astle, mshambuliaji wa klabu ya soka ya West Bromwich Albion aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59. Uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba kilitokana na kazi yake. Kile kile kilichomjengea jina ndicho kilichommaliza.

Nilipoanza kulitafakari swali langu, jibu lilinijia haraka: ushindi haukai kichwani mwa mshindi peke yake. Mtu ni watu. Alichokisahau yeye tunakikumbuka sisi, kwa hiyo hakijapotea. Nililipenda jibu hilo, kisha nikaona aibu. Thompson mwenyewe amesema wazi kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya, asingerudia. Nani basi anafarijika kwa kusema kwamba sisi tunakumbuka? Sisi wenyewe. Furaha tumebaki nayo mikononi, na gharama tumemwachia yeye nyumbani kwake, yeye na mkewe na watoto wao.

Hapo ndipo niliposikia upya methali niliyoijua tangu utotoni: mcheza kwao hutunzwa. Wahenga walikuwa wanazungumzia ngoma. Mchezaji akiwapendeza watu wa kwao, hutoka mmoja mmoja wakamtunza, noti wakimbandika usoni. Lakini neno lile lile, kutunza, ndilo tunalotumia kwa mgonjwa, kwa mzee, kwa mtoto. Lugha yetu haikutenga mambo hayo mawili. Anayetoka kumtunza mchezaji wakati ngoma imepamba moto amejifunga kumtunza hata ngoma ikivunjika. Shangwe zetu zilikuwa ahadi, tulijua au hatukujua.

Kwa hiyo kumbukumbu tuliyonayo ni amana. Ikiwa maana ya maisha yake ya uwanjani sasa inakaa kwetu, haitoshi kuipigia soga, inadai kazi. Inadai matibabu na riziki kwa waliostaafu, na uvumilivu kwa wake na watoto wanaouguza. Na inadai tubadilike pale uwanjani. Kijana akigongwa kichwa akayumba, anapaswa kutolewa, asirudi siku hiyo hata akisisitiza kuwa yuko sawa. Lakini sisi pembeni humpigia makofi akinyanyuka na kuendelea, tukauita huo ushujaa. Makofi hayo nayo humuumiza.

Thompson ameahidi kwamba akifa, ubongo wake utatolewa kwa watafiti, maana ugonjwa ambao madaktari wanashuku ndio chanzo cha dimenshia yake hauwezi kuthibitishwa kwa hakika ila baada ya mtu kufariki. Nalitafakari tendo hilo kuliko hata kombe. Mtu anayeporwa jana yake amechagua kuwatunza watoto ambao hatawaona, na uamuzi huo aliufanya akiujua vizuri, bila kelele za uwanja. Ni kama usiku ule wa Sydney: ameurusha mpira mbali, nyuma kabisa ya mstari. Kuudaka ni juu yetu.