Mtoto Kati ya Masomo Mawili

Mwalimu anayewafundisha wavulana na wasichana pamoja kupika, kufua na kupanga matumizi ya nyumba anafanya jambo zito. Anawaambia kwamba kazi za nyumbani ni maarifa, na maarifa hayachagui jinsia. Kikija kipindi cha maadili, watoto walewale wanaambiwa wawatii wakubwa wao. Mvulana wa Buzebazeba, hapa Kigoma, anarudi nyumbani na yote mawili kichwani. Akishika mwiko tu, bibi yake anamtania: "Toka jikoni, mume wangu. Dada yako yuko wapi?"

Afuate lipi?

Wengi watajibu kwamba heshima hutangulia. Bibi naye ana hoja: anamkinga mjukuu asichekwe mtaani. Lakini utii huishia kwenye amri, ilhali maadili huanza pale mtu anapojua sababu. Tazama mwalo wa Kibirizi. Usiku wa giza wanaume wako ziwani na taa zao; kukicha, wanawake na watoto wanaanika dagaa mchangani na kuwageuza hadi wakauke. Aliyekesha majini alale mchana; hapo pana sababu. Lakini kijana aliyelala usiku kucha sawa na dada yake, naye akae kusubiri chai? Hapo pana mazoea tu. Mtoto anayeweza kutofautisha mambo hayo mawili ameielewa familia kuliko aliyekariri majukumu ya baba, mama na watoto kwa ajili ya mtihani.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Nyerere alitaka shule iwe na shamba, tena imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi. Jembe tukalikumbuka, udadisi tukauacha shambani.

Kudadisi si kumvunjia mtu heshima. Mjukuu anaweza kumwambia, "Bibi, dada anachota maji, niache nisonge ugali," akasema kwa adabu zote, na bado akawa amefikiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 haioni mgongano hapo: kifungu cha 15 kinamtaka mtoto awaheshimu na kuwasaidia wazazi na wazee, kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa.

Cha 15 watoto wetu wanakijua hata kabla ya kuanza shule. Mwalimu, wewe anza na cha 11.