Mgeni Mpe Jembe

Baada ya maandamano ya kisiasa ya tarehe 27 Januari 2001 kuvunjwa kwa risasi kisiwani Pemba, watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wakapewa makao ya muda. Je, mwenye kumpa mkimbizi pa kulala amekwisha timiza wajibu wake?

Wapo wajibuo kwa methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumsukuma mgeni aondoke. Lakini methali haisemi mfukuze, yasema mpe. Na jembe bila shamba ni mzigo tu.

Waislamu wa Makka walipohamia Madina mwaka 622, Mtume Muhammad s.a.w. aliwaunganisha na wenyeji kwa udugu. Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Mwenyeji hakufanya ubahili, wala mgeni hakutaka kuwa mzigo.

Basi, ndugu msomaji, ukipokea jamaa wasio na makao, wape kwanza faragha, japo ya pazia. Waulize kazi waijuayo: mvuvi umpeleke kwa wenye vyombo, mkulima umkatie kipande cha konde. Watoto wao wafuatane na wako shuleni. Wala usiwatangaze kwa watu, kwani Kurani Tukufu yatuonya kwamba masimbulizi hubatilisha sadaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema. Amin.